Kiatu cha Mtu wa Mkono

Harufu ya saruji mbichi hunikasirisha kabla sijajua kwamba nimekasirika. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimekaa mezani nyumbani kwa Mama, Kileleshwa, nikimsaidia mdogo wangu Zuhura kazi ya fasihi, upepo ukaileta dirishani kutoka kiwanja cha upande wa pili ambako wanainua ghorofa nyingine. Kileleshwa hawamalizi kujenga. Zuhura hakunusa kitu. Alikuwa ameinamia karatasi za mwongozo alizopewa na mwalimu wake, zinazoeleza riwaya fupi ya vibarua wanaohamahama kutafuta kazi, na humo kila kitu kimepangwa vizuri: maudhui, ishara, wahusika. Maudhui ni upweke na ndoto. Wahusika wamegawanywa, huyu mwema, huyu mkali, yule ametumiwa na mwandishi kuonyesha unyonge wa wafanyakazi. Chini kabisa kuna maswali.

"Dada," akaniuliza, "kiatu cha yule kibarua kinaashiria nini? Hapa wanasema matumaini, lakini wanataka hoja mbili."

Nilitamani kuzichana karatasi zile. Hoja mbili! Naweza kuapa kwamba aliyeandika mwongozo ule hajawahi kuzungumza na kibarua zaidi ya kumwonyesha ua unaotakiwa kukatwa. Lakini nina haki gani ya kumcheka? Mimi nilikaa na kibarua umbali wa mpini wa sepetu kwa likizo nzima, nikamzoea kuliko nilivyowazoea wajomba zangu, na nilichomfanyia hakimo katika mwongozo wowote.

Nyinyi mliokulia kwenye fleti hizi miaka yetu mtakumbuka. Nyumba za zamani zenye bustani zilibomolewa moja moja, mabati yakazungushwa, na kabla ya mwezi kwisha mama zenu wakaanza kulalamikia vumbi. Wangu alilalamika kwa ufundi. Mama ni mtu wa Mombasa, wa Kibokoni hasa, na kila chembe iliyotua kwenye leso zake aliichukua kuwa ni tusi alilotumiwa yeye binafsi. "Hawana haya watu hawa," alisema akibetua mdomo. "Wanijaza mchanga hadi ndani ya mahamri." Kwa majirani wote, watu wa mjengo lilikuwa jina la balaa. Sufuria ikipotea kwenye kamba za kuanikia, ni watu wa mjengo. Mtoto akitoa tusi, amefunzwa na watu wa mjengo.

Nilikuwa na miaka saba na tetekuwanga. Likizo ilikuwa imeanza, wenzangu walikuwa wakicheza uani, na mimi nimefungiwa orofa ya pili, nimepakwa dawa ya rangi ya waridi mwili mzima, sitakiwi kumgusa mtu. Nilikaa kwenye roshani ya jikoni, nyuma ya grili, toka asubuhi hadi magharibi, nikitazama mjengo. Hakukuwa na kingine cha kutazama.

Na hivi ndivyo nilivyoelewa mambo. Kila asubuhi, kabla Baba hajaondoka kwenda mjini kufungua duka lake la vitambaa, lango la mabati lilifunguliwa wakaingia wanaume waliovaa vizuri. Mashati yamepigwa pasi, makoti, viatu vinang'aa, mfuko mkononi. Kutoka kule juu niliona nguo zao, vichwa vyao na viatu vyao, si nyuso. Walipita nyuma ya kibanda cha mabati, wakapotea. Baada ya muda mfupi wakatokea upande wa pili watu wengine kabisa, suruali zimechanika magotini, fulana hazina rangi, miguuni malapa ya tairi. Hao ndio waliobeba zege siku nzima. Jioni wale wa matambara walirudi nyuma ya kibanda, na wale wa mashati wakatoka langoni wamependeza, wakaenda zao.

Nikaamua kwamba wale wa mashati ndio wenye mjengo, na wale wa matambara wanaishi humo. Asubuhi wanafunguliwa, jioni wanafungiwa. Wale mabosi walikaa wapi mchana kutwa sikujiuliza, labda kibandani wakinywa chai. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu wa mjengo wa Nairobi hapiti barabarani na nguo za kazi. Anaondoka kwake Dagoretti akiwa amenyooka, anabadilisha nguo kibandani, na jioni anaoga maji ya pipa, anafuta viatu, anarudi nyumbani akiwa nadhifu kama karani, ili soja anayelinda kila lango anakopita amwone ni mtu. Nyumbani kwetu hakuna aliyeniambia kwa sababu hakuna aliyejali kujua. Nasema hivyo bila kumwogopa mtu.

Basi jengo likapanda hadi likafika usawa wetu, na likamleta Wekesa. Alikuwa mtu wa mkono, yaani msaidizi wa fundi, yule anayechanganya udongo, anayepandisha mawe, anayeitwa kila dakika. Sura yake sikuwahi kuiona. Alivaa boshori iliyovutwa hadi kwenye nyusi, kitambaa kimefungwa puani na mdomoni kuzuia vumbi, na kilichobaki, macho na kope na mikono, kilikuwa cha kijivu kwa saruji. Nilidhani ndiyo rangi yake.

"Sasa, dada mdogo," aliniita siku ya kwanza. "Hiyo rangi umepakwa, wewe ni ukuta?"

"Nina tetekuwanga. Usinikaribie."

"Mimi nilishikwa na hiyo kitambo. Hainiwezi tena. Hiyo unakula ni nini?"

Nilikuwa nakula hamri. Akaunyosha mkono uliokuwa na sepetu, akaupitisha mpini juu ya ukuta na juu ya uchochoro ulio kati yetu, hadi bapa la sepetu likagusa grili yetu. Nikaliweka hamri juu yake. Akalivuta taratibu, ulimi umetokeza chini ya kitambaa kwa makini, naye fundi wake aliyekuwa akijenga pembeni akacheka hadi akashusha mwiko. Kuanzia siku hiyo kila saa nne nilimwibia Mama mahamri mawili, moja la Wekesa na moja la Fundi Barasa, nao walikwenda kuyala nyuma ya ukuta. Sepetu ilirudi na vigae vilivyovunjika, vya buluu na vya kijani, nami nilivipanga chini ya sinki.

Fundi Barasa alikuwa mtu mzima, mzito wa maneno, na walitoka kijiji kimoja kule magharibi. Popote Barasa alipopata kazi, Wekesa alikwenda naye, na popote walipokataa kumchukua Wekesa, Barasa hakukaa. Walikuwa na mpango mmoja tu duniani, na Wekesa aliniambia kila siku kana kwamba sijausikia. Walikuwa na kinu cha kusaga mahindi. Kinu chenyewe kilikuwa tayari nyumbani kwa mamake Barasa, kimefunikwa nailoni, kuku wamelala juu yake. Kilichobaki ilikuwa injini tu. Wekesa alinionyesha kwa mikono jinsi mkanda utakavyozunguka, akatoa mlio wake kwa mdomo, tutututu, mpaka foromani akapiga kelele kutoka chini.

"Tukipata hiyo kitu, mimi sibebi mawe tena," alisema. "Mimi ni wa kukaa kwa kiti naambia watu, leta gunia, toa gunia."

Siku moja aliniambia pia kwamba ana viatu vizuri kumshinda babangu. "Viatu yangu ni ya ngozi, ya rangi ya chai. Wewe utaona siku moja." Niliyatazama malapa yake nikacheka. Nilijua viatu vya ngozi vya rangi ya chai ni vya nani. Vilikuwa vya mmoja wa wale mabosi wa jioni, kijana mwenye koti la bluu, na mimi nilimchukia kuliko wote, kwa kuwa alitoka langoni akipiga mluzi huku nikiwaza Wekesa wangu amefungiwa gizani. Nilimpa jina, Bwana Viatu. Nilipokataa kula nilimwambia Mama nitakula siku Bwana Viatu atakapokufa. Mama hakuuliza ni nani.

Na kulikuwa na pima maji, kile kifaa cha kupimia kama ukuta umenyooka. Ile ya Barasa ilikuwa ndefu, ya mbao, imefungwa kitambaa chekundu mwishoni ili isichanganywe na za mafundi wengine. Barasa hakuiacha kibandani hata wakati wa kula. "Hii ikipotea," Wekesa aliniambia akiipapasa, "sisi tumekwisha. Fundi bila pima maji ni nani atamwandika? Na mimi bila fundi ni nani?" Nikaliweka hilo moyoni. Nilikuwa mtoto wa kuweka mambo moyoni.

Ikaja siku yenyewe. Mchana, baada ya adhuhuri, nilikuwa nikimngojea Wekesa na hamri lililopoa. Barasa alikuwa juu kabisa, orofa ya nne, anamalizia ukuta. Nikamwona Bwana Viatu akitoka nyuma ya kibanda peke yake, saa ambayo mabosi hawatoki. Koti la bluu, viatu vya rangi ya chai. Begani alikuwa na gunia, na juu ya gunia pametokeza ncha ya mbao yenye kitambaa chekundu.

Sikufikiri. Nilishika grili kwa mikono miwili nikapiga kelele kwa pumzi yote niliyokuwa nayo.

"Mwizi! Mwizi! Anaiba vitu vya Wekesa! Mwizi!"

Hakuna haja ya kuwaeleza nyinyi neno hilo linafanya nini Nairobi. Wanawake waliokuwa wakianika nguo wakalidaka. Musyoka, soja wetu, akatoka mbio na rungu. Vijana wa boda boda waliokuwa wamelala juu ya pikipiki zao pale kona wakaamka wote mara moja. Yule kijana akasimama. Hakukimbia, nataka mjue hakukimbia. Aligeuka akatazama juu kwenye roshani yetu, akainua mkono wa kulia, nami nikaamini ananitisha, nikapiga kelele zaidi. Sasa najua alikuwa ananipungia. Alidhani ni mchezo wetu.

Sitasimulia walivyompiga. Nilitazama mwanzo hadi mwisho na nilifurahi, hayo nayasema kwa sababu ndiyo kweli. Nilikuwa natafuta kwa macho Wekesa atokee matofalini aone jinsi nilivyomwokolea mali. Badala yake akashuka Barasa. Alishuka ngazi za mbao nusu kwa kuruka, na sauti yake, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda, ilikuwa ikiita jina moja tu.

"Wekesa! Huyo ni kijana wangu! Acheni! Ni mimi nimemtuma, ni vyombo yangu! Wekesa!"

Watu wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja, wakikung'uta mikono. Barabara ile haikuwa na lami wakati ule, ilikuwa mchanga na unga wa saruji uliomwagika kwenye malori. Aliyelala chini alikuwa amegaagaa humo, nywele, uso, kope, mikono, vyote vimekuwa vya kijivu. Barasa akamgeuza uso juu. Na hapo, alipokuwa na vumbi, ndipo nilipomjua.

Mama alinivuta ndani kwa mkono wa gauni akafunga mlango wa roshani kwa komeo. "Hukusema kitu," aliniambia. "Umesikia, Rukia? Wewe u mgonjwa, ulikuwa walala. Hukusema kitu." Baada ya muda mfupi akabisha hodi Mama Ryan wa orofa ya tatu, ameshika soda baridi. "Iko wapi hii simba yetu?" akasema. "Hawa watu wametuzoea sana. Leo wamejua wanaishi na nani." Hakuwa amesubiri chini kusikia ya Barasa, au alisikia akaona hayamhusu. Mama akamshukuru. Soda ile niliinywa, nikaimaliza.

Mambo mengine tuliyajua kupitia Musyoka, ambaye alipiga kwanza akauliza baadaye. Barasa alikuwa amepata kazi ndefu kwenye jumba moja Kitisuru, ya mwaka mzima. Mwenye kazi alisema nafasi ni za watakaofika siku hiyo na vyombo vya kazi mkononi. Kwa hiyo Barasa abaki amalize ukuta, Wekesa atangulie na pima maji ashike nafasi mbili. Akabadilisha nguo mapema, kwa kuwa Kitisuru ukifika na matambara soja hakufungulii lango. Yaani alivaa vizuri ili asidhaniwe mwizi. Mkono wake wa kulia ulivunjwa mahali pawili, na pima maji ikakanyagwa ikawa kuni. Injini ya kinu ilikuwa ndani ya kazi ile ya Kitisuru, kila mtu anaweza kuona hivyo, hata mtoto wa miaka saba aliona.

Baba alirudi kutoka dukani akasimuliwa. Akavua kofia, akanawa, akasema, "Kwani yeye naye, mchana kweupe, alikuwa akenda wapi na gunia?" Kisha akauliza chakula. Nilimpenda sana babangu na Mungu amrehemu, lakini sentensi ile sijamsamehe.

Kiatu nilikipata mimi. Katika purukushani kilirushwa juu ya ukuta kikaanguka uani kwetu, karibu na matangi. Mama alipoingia kuswali alasiri nilishuka, tetekuwanga yangu na yote, nikakiokota, nikakificha chini ya sinki pamoja na vigae. Kilikuwa cha kushoto, cha ngozi, cha rangi ya chai, na ndani mlikuwa na kipande cha katoni alichokikata vizuri kuziba tundu la soli. Nilikusudia kumrudishia. Nilidhani atarudi kesho juu ya jukwaa, nimwekee kiatu kwenye sepetu.

Asubuhi alikuja Barasa peke yake. Alisimama langoni kwetu, kofia mkononi, nami nilimsikia kupitia dirisha la jikoni.

"Soja, habari ya asubuhi."

"Fundi, umekuja kutafuta nini tena hapa?" Musyoka hakumtazama usoni.

"Sijakuja kwa ubaya. Kijana nimempeleka hospitali, leo tunapanda basi tunaenda nyumbani. Nimekuja kuchukua kiatu. Moja ilibaki hapa. Anaiulizia sana."

Musyoka akapaza sauti kuelekea kwetu: "Mama Rukia! Mmeona kiatu?"

Mama alikuwa amekishika. Alikuwa amekikuta chini ya sinki dakika chache kabla, alipokuwa akitafuta sabuni, na alikuwa amesimama katikati ya jikoni nacho mkononi, akinitazama. Kwa mkono wa pili akanishika kiganja, akakibana. Nilijua anawaza polisi, anawaza jina langu likitajwa, anawaza Baba. Nilikuwa na mdomo. Siku moja tu nyuma mdomo ule ulikuwa umeamsha mtaa mzima. Asubuhi ile haukutoa hata neno moja.

"La," Mama akaitikia dirishani. "Hapa hapana kiatu."

Barasa akashukuru. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote, kwamba alisema asante. Akavaa kofia yake akaondoka, na hatukumwona tena yeye wala Wekesa.

Kwa siku kadhaa Baba alinichukua dukani, nisikae tena roshani. Nilikaa juu ya majora ya vitambaa mjini, karibu na msikiti, na nilitazama miguu. Jioni, barabara ilipojaa wanaume wenye mashati safi na mifuko mikononi wakielekea stendi, niliwatazama usoni kila mmoja nikijaribu kumpaka saruji kwa mawazo nione atakuwa nani. Maalim mmoja aliyekuwa akija kununua kitambaa cha kanzu aliniuliza kwa nini ninawakodolea watu macho. Nilimwambia natafuta mtu. Akaniambia mtoto wa kike hatazami wanaume hivyo, na Baba akamwunga mkono.

Kiatu sikukiona tena. Nilipokua nikaanza kumwuliza Mama. Nilimwuliza nikiwa sekondari, nikamwuliza nikiwa chuo, nikamwuliza siku Baba alipozikwa, na huo haukuwa wakati wake, najua. Jibu lake lilikuwa moja siku zote. "Wekesa gani? Ulikuwa na homa, mwanangu, ukiweweseka. Hapakuwa na kiatu." Alilisema kwa upole kiasi kwamba kuna miaka nilikaribia kumwamini. Ndiyo maana nikisikia harufu ya saruji hasira inatangulia. Hasira sasa ndiyo shahidi pekee niliyebaki naye.

Haya yote nilimsimulia Zuhura Ijumaa ile, juu ya karatasi zake za mwongozo. Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo, mlango uko wazi, nami sikupunguza sauti. Niliipandisha. Zuhura hajawahi kusikia habari hizi. Amezaliwa mjengo ule umekwisha kuwa fleti na watu wanaishi humo na kulalamikia vumbi la mjengo mwingine. Alinisikiliza kalamu ikiwa mdomoni. Nilipomaliza akaitoa, akasema kwa sauti ndogo:

"Sasa hapa niandike nini, dada?"

"Andika kwamba ni kiatu. Cha ngozi, cha rangi ya chai, cha mguu wa kushoto. Andika kwamba mwenyewe alituma mtu kukiulizia, na waliokuwa nacho wakasema hakuna."

"Hiyo si ishara."

"Si ishara," nikamwambia. "Ni kiatu cha mtu."

Jikoni maji yalikuwa yamenyamaza. Sikujua yamenyamaza tangu lini. Zuhura aligeuka kutazama mlangoni, nami nikageuka, lakini Mama alikuwa ametupa mgongo, mikono yake ndani ya povu, haoshi kitu.

"Cha mguu wa kulia," akasema.

Kisha akafungua mfereji tena.